Babu Faransiis

Ayeeyo akihesabu mababu zake hakosei. Anaanza na jina lake mwenyewe, anashika la baba yake, la babu yake, anapanda hivyo hivyo mpaka jina la kumi na saba, na sisi wajukuu tunamfuata kwa sauti kama watoto wa chuo wanaorudia alifu. Kwetu Wasomali hii inaitwa abtirsiinyo, na mtoto asiyeijua yake ni kama mtu asiye na kitambulisho mbele ya polisi. Lakini akifika jina la tatu, Ayeeyo huongeza neno moja ambalo wengine wote hawana: Faransiis. Mfaransa.

Jina lenyewe sitaliandika. Ayeeyo ameniruhusu kusimulia, hakuniruhusu kutaja. Hapa tutamwita Babu Faransiis, ingawa hasa ni babu wa bibi yangu.

Nilipokuwa mdogo, tukiwa bado kambi ya Utange kule Mombasa, nilidhani kweli tulikuwa na babu Mzungu. Nikawatangazia wenzangu, watoto wa Kibrava tuliokuwa tukicheza nao. Wakanishika mkono wakaugeuza huku na huku wakiutafuta huo uzungu, hawakuuona. Nikarudi nikilia kumuuliza Ayeeyo. Akasema, "Hakuwa Mfaransa. Alikwenda kwa Wafaransa akawa askari, hakurudi. Basi." Ile "basi" yake ilifunga mlango. Kambi za pwani zikafungwa nazo, tukaletwa huku Kakuma, nikasoma, nikakua, na habari ya babu ikabaki hapo hapo mpaka siku ya arusi moja.

Ugomvi wenyewe ulianza kwa jambo dogo, nadhani ni nani apewe sehemu gani ya nyama. Kijana mmoja wa upande wetu, mwenye mdomo, akawageukia jamaa zetu wa upande wa pili akasema, "Nyamazeni nyinyi, watoto wa mke wa mtu."

Wageni wengi hawakuelewa. Sisi tulielewa. Babu Faransiis alipoondoka aliacha mke na mtoto mmoja wa kiume, ambaye ndiye baba yake Ayeeyo. Baadaye wazee walisema amekufa, na yule mke akaolewa na mdogo wake Babu. Desturi hiyo tunaiita dumaal, mjane kuolewa na ndugu wa mumewe ili watoto wasitawanyike, na hapa Kenya kuna makabila yenye desturi kama hiyo. Katika ndoa hiyo ya pili ndipo ulipotoka upande wa pili wa ukoo. Sasa, nani alisema amekufa? Hakukuwa na barua, hakukuwa na shahidi. Tena palikuwa na uvumi wa zamani kwamba baharia fulani alimwona Marseille, ananenepa, ana mke wa Kifaransa na mkahawa. Kama uvumi ni kweli, basi mke aliyeolewa mara ya pili alikuwa bado ni mke wa mtu, na ndoa ile ni batili. Ndiyo maana ya lile neno.

Watu wa upande ule waliondoka bila kula. Abti yangu mmoja anayekaa Kalobeyei, mzee wa miaka zaidi ya sabini, alikuwa na kawaida ya kumletea Ayeeyo maziwa ya ngamia kila Ijumaa. Ijumaa iliyofuata hakuja. Wala ile nyingine.

Ayeeyo alikaa mwezi mzima bila kusema kitu. Usiku mmoja akaniita, "Ayeeyo." (Kwetu bibi humwita mjukuu kwa cheo chake yeye mwenyewe, ndiyo mapenzi yetu.) "Wewe una simu ya kusoma. Nitafutie alikufa mwaka gani. Na kama alizikwa kama Mwislamu."

Nikaanza na kile kinachojulikana. Wafaransa walikuwa na koloni dogo kwenye mlango wa Bahari ya Shamu, wakiliita Pwani ya Wasomali wa Kifaransa. Leo ni nchi ya Djibouti, iliyopata uhuru tarehe 27 Juni 1977. Mwanzoni mwa karne iliyopita mji wa Djibouti ulikuwa mahali pa kutafuta kibarua. Kulikuwa na bandari, na kulikuwa na reli iliyokuwa ikijengwa kwenda Uhabeshi, iliyofika Dire Dawa mwaka 1902 na Addis Ababa mwaka 1917. Lakini Babu hakuwa mtu wa Djibouti. Watu wetu walichunga ngamia karibu na Zeila, upande wa Waingereza. Na upande wa Waingereza kulikuwa na balaa. Vita vya Sayyid Mohammed Abdullah Hassan na madarwishi wake vilianza 1899 vikaisha 1920. Mwaka 1910 Waingereza walijikusanya pwani wakaiacha bara ijitegemee, silaha zikiwa zimezagaa, na kukaja ile njaa ambayo wazee wanaiita xaaraame cune, wakati watu walipokula kilicho haramu. Kwa hiyo mtu kuvuka mpaka kwenda Djibouti miaka ile halikuwa jambo la kutafuta starehe. Alikimbia. Sijui kwa nini sikuwahi kufikiria hivyo kabla, mimi niliyezaliwa katika kukimbia.

Mwaka 1916 Wafaransa walikuwa wakihitaji watu. Tayari walikuwa wakichukua vijana wa Afrika Magharibi, wale walioitwa tirailleurs wa Senegal hata kama mtu ametoka Mali au Chad. Jeshi hilo lilianzishwa 1857, na katika vita vya kwanza vya dunia lilikusanya watu kwa maelfu kwa maelfu. Sasa wakaja pwani yetu. Walioandikishwa Djibouti walipelekwa kwa meli mpaka Majunga, Madagaska, na huko mwezi wa Mei 1916 kikaundwa kikosi cha Wasomali. Ukitazama ramani utaona njia hiyo ya bahari inashuka mbele ya pwani hii hii ya Mombasa na Unguja. Halafu wakarudishwa tena kaskazini, Suez, mpaka kusini mwa Ufaransa.

Ulikuwa mwaka wa kuchukuliwa watu. Hapa Afrika Mashariki Waingereza walikuwa wakikusanya wapagazi wa vita, wale walioacha jina la Kariakor Nairobi na Kariakoo Dar es Salaam. Wabelgiji nao walivuka na askari wao kutoka Kongo wakaiteka Tabora mwezi wa Septemba 1916. Hili la Tabora nimeambiwa na jirani yangu wa Uvira, ambaye babu yake mkuu alikuwemo, na ambaye bila yeye nisingefika popote, maana mimi Kifaransa sijui na yeye alikisoma shule. Malipo yake yalikuwa chai ya iliki. Alikunywa nyingi.

Serikali ya Ufaransa imeweka kwenye mtandao kadi za askari waliokufa katika vita vile, kadi zaidi ya milioni moja na laki tatu, na kuzisoma ni bure. Bure, yaani ukiwa na bando. Mahali panaitwa Mémoire des hommes. Kila kadi ina jina la askari, cheo, kikosi, namba yake, mahali alipoandikishwa, tarehe na mahali alipokufa, na mstari unaosema alikufaje: kauawa na adui, kafa kwa majeraha, au kafa kwa ugonjwa alioupata kazini. Juu kumeandikwa kwamba kafa kwa ajili ya Ufaransa. Jirani yangu aliponitafsiria maneno hayo nilinyamaza kidogo. Babu alikufa kwa ajili ya ngamia waliokwisha, nadhani. Lakini tuendelee.

Usiku wa kwanza niliandika jina la Babu kama tunavyoliandika sisi, nikapata sifuri. Usiku wa pili sifuri. Ilinichukua wiki kuelewa ujinga wangu. Maandishi ya Kisomali tunayotumia leo yalitangazwa rasmi mwaka 1972. Mwaka 1916 hakukuwa na tahajia yoyote iliyokubaliwa. Karani Mfaransa alisikia jina kwa sikio lake na kuliandika kwa kalamu yake. Sisi tunaandika Jaamac, yeye ameandika Djama. Sisi Geelle, yeye Guelleh. Cali ni Ali, Xasan ni Hassan, Rooble ni Robleh, na Warsame anaweza kuanza na O, kwa sababu karani anayetafuta sauti ya W anaweza kuandika Ou. Tena kadi inataka jina la ukoo na jina la kwanza, na Msomali hana jina la ukoo. Ana lake, la baba, la babu. Karani mmoja aliweka jina la baba mbele, mwingine akaliweka nyuma. Na wengine naona waliandika jina la utani, maana mtu akiulizwa jina anataja analoitwa nyumbani.

Basi nikatengeneza orodha kwenye daftari, jina la Babu kwa namna kumi na moja na jina la baba yake kwa namna tisa, nikawa nayajaribu moja moja. Mtandao wa hapa mnaujua. Usiku wa manane ndio unafunguka kidogo.

Kuna jambo moja katika kadi hizo lililonichekesha, na wafanyakazi wa mashirika watalielewa. Mahali pa tarehe ya kuzaliwa, kwa Mfaransa wa kijijini kumeandikwa siku, mwezi na mwaka. Kwa askari wetu, kadi nilizoziona zinasema tu "karibu na 1895", "karibu na 1890". Hapa kambini nusu ya watu ninaowajua wamezaliwa tarehe 1 Januari. Miaka zaidi ya mia imepita, karani bado ni yule yule.

Huku nikingoja kurasa zifunguke nilisoma kikosi chenyewe kilifanya nini. Mwanzoni walikusudiwa kazi za nyuma ya mstari, kubeba na kuchimba. Lakini mwezi wa Oktoba 1916 kompania mbili za Wasomali zilipelekwa Verdun. Vita vya Verdun vilikuwa vimeanza Februari mwaka huo, na ngome kubwa kuliko zote pale, Douaumont, Wajerumani waliichukua tarehe 25 Februari karibu bila kupigana. Wafaransa walihangaika miezi minane kuirudisha. Tarehe 24 Oktoba, asubuhi yenye ukungu mzito, walishambulia. Ngome ikarudi mikononi mwao siku ile ile. Kikosi kilichosifiwa ni cha askari wa miguu wa kikoloni kilichobeba jina la Moroko, ingawa wengi wao walikuwa Wafaransa wenyewe, na pamoja nacho kilikuwepo kikosi kimoja cha Wasenegali na hizo kompania mbili za Wasomali. Bendera ya kikosi ikapewa nishani ya juu kabisa, na katika maandishi ya sifa ile Wasomali wametajwa. Mwaka uliofuata walipigana tena upande wa Chemin des Dames, na 1918 tena.

Nilimsomea Ayeeyo habari ya Douaumont. Alisikiliza, akauliza, "Oktoba kwao ni baridi?" Nikasema ni baridi na matope, mashimo ya mizinga yamejaa maji, mtu akianguka humo anazama. Akasema, "Mtoto wa Zeila!" Hakusema zaidi. Zeila ni mahali ambapo watu wanalala nje kwa joto.

Daftari za kila siku za vikosi nazo zipo kwenye mtandao, zimeandikwa kwa mkono. Jirani yangu alizisoma mpaka macho yakamwuma. Katika kurasa tulizopitia, ofisa akijeruhiwa anatajwa kwa jina. Askari wetu wanatajwa kwa hesabu: wenyeji kadhaa wameuawa, kadhaa wamejeruhiwa. Kwa hiyo daftari halikutusaidia. Zilibaki kadi.

Mwezi wa tatu nikapata mbili.

Kadi ya kwanza: jina la Babu kwa tahajia ya saba katika daftari langu, jina la baba yake likiwa nyuma, kikosi cha Wasomali, amezaliwa karibu na 1890, mahali pa kuzaliwa Zeila. Kauawa na adui, Oktoba 1916, Douaumont. Kadi ya pili: jina lile lile, la baba lile lile lakini limetangulia mbele, kikosi kile kile, mahali pa kuzaliwa pameandikwa tu Pwani ya Wasomali. Kafa kwa ugonjwa, Fréjus, 1918, vita vikiwa havijaisha. Fréjus ni mji wa kusini ambako askari wa makoloni walikuwa na kambi zao. Majira ya baridi Waafrika waliondolewa mstari wa mbele wakapelekwa huko kupata jua, na wengi walikufa huko kwa vifua.

Nilitamani iwe kadi ya kwanza. Zeila imeandikwa, na kufa vitani ni rahisi kusimulia kuliko kufa kwa kikohozi. Lakini kutamani si ushahidi. Majina hayo mawili ni ya kawaida mno kwetu, ukiita sokoni hapa Kakuma 1 watageuka watu watatu. Na yawezekana kulikuwa na mtu wa tatu mwenye majina hayo ambaye hakufa, akarudi au akaenda zake Marseille kufungua mkahawa. Kadi za waliokufa haziwezi kukuambia habari za walio hai. Hilo nalo nilimwambia Ayeeyo, na sikulificha kwa ndugu zangu ingawa walitaka nilifiche.

Lililotusaidia halikutoka Ufaransa. Nilipanda boda mpaka Kalobeyei kwa abti. Hakunikaribisha kwa furaha, lakini mgeni ni mgeni, alinipa chai. Nikamuuliza, "Abti, baba yako alizaliwa mwaka gani? Yeye ndiye alikuwa mtoto wa kwanza wa ile ndoa?" Akasema ndiye wa kwanza. Mwaka, hajui kwa namba. Wazee wetu hawakuhesabu miaka kwa namba, waliipa majina: mwaka wa ndui, mwaka wa mvua kubwa. Baba yake, akasema, alizaliwa mvua za gu, mwaka wa ndege.

Nilikaribia kumwaga chai. Mwaka wa ndege unajulikana. Ni Januari na Februari 1920, Waingereza walipoleta ndege za vita kuwapiga madarwishi kwa mabomu, mpaka Taleh ikaanguka na Sayyid akakimbilia Ogaden. Kwa watu wengi wa nchi ile ndiyo mara ya kwanza kuona chuma kinaruka. Mvua za gu huanza mwezi wa nne. Mtoto aliyezaliwa gu ya 1920 alitungwa mimba 1919. Ikiwa Babu ni yule wa Douaumont, mkewe alikuwa mjane tangu 1916. Ikiwa ni yule wa Fréjus, alikuwa mjane tangu 1918. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi. Kwa kadi yoyote kati ya hizo mbili, eda ilikuwa imeshapita kabla ya mimba ile.

Nilimwonyesha abti hesabu hiyo kwenye daftari. Aliitazama muda mrefu, ingawa sidhani aliisoma, miwani yake ilivunjika zamani. Akauliza, "Na yule wa Marseille?" Nikamwambia yule wa Marseille amesimuliwa na baharia ambaye hakuna anayejua jina lake, na hawa wawili wana namba za jeshi. Akatikisa kichwa. Sheikh wa msikiti wetu nilipompelekea alisema maneno karibu na hayo, kwa Kiarabu kingi zaidi, na akaongeza kwamba wazee waliotoa habari ya kifo mwaka ule huenda waliipata kwa askari waliorudi, na kwamba ndoa iliyofungwa mbele ya watu wazima wenye akili haivunjwi na vijana kwenye sahani ya nyama.

Lilibaki swali la pili la Ayeeyo, la maziko. Hapo sikuwa na jibu zuri. Douaumont kuna jengo kubwa la mifupa, lililozinduliwa 1932, lenye mabaki ya askari kama 130,000 wasiotambuliwa, Wafaransa na Wajerumani wamechanganyika humo, maana mizinga haikuacha kitu cha kutambua. Mbele ya jengo kuna makaburi, na sehemu moja ina makaburi 592 ya Waislamu, yamegeuzwa kuelekea Makka. Mwaka 2006 wakajenga na kumbukumbu ya Waislamu hapo. Nilimpa simu aone picha. Aliipanua kwa vidole viwili kama nilivyomfundisha, akayatazama mawe yale yenye ncha ya juu, safu kwa safu, yamepinda kidogo kuliko yale ya misalaba.

"Ni yupi?" akauliza.

"Sijui, Ayeeyo. Huenda hayumo. Huenda yuko Fréjus."

"Basi nitawasomea wote wawili. Huyo mwingine naye alikuwa na mama."

Tangu siku hiyo akimaliza sala ya alfajiri husoma Fatiha mara mbili, na katika abtirsiinyo hasemi tena Faransiis. Mtoto mdogo wa dada yangu akilisema kwa mazoea, anamkatiza.

Nilichapisha kadi zote mbili kwenye kibanda cha fotokopi karibu na soko. Wino ulikuwa unaisha, ile ya Fréjus imetoka kijivu. Abti alizikunja akaziweka ndani ya msahafu wake, na Ijumaa iliyofuata alikuja na maziwa. Kijana wa mdomo ameambiwa na wazee aende Kalobeyei mwenyewe, akaseme alichosema arusini kilikuwa uongo, mbele ya watu wale wale. Mpaka ninapoandika haya bado anasema hana nauli ya boda.